Kila Oktoba Huzima Simu

Ndugu yangu Mwau hajui kukaa mahali pamoja. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo lililomfunga, na aliyelisema mbele ya mtu wa kuandika ni mimi. Yeye ni fundi wa mawe, na kazi ya mawe haikai. Msingi ukichimbwa Kiuu, anakodi chumba Kiuu. Nyumba ikifika paa anakunja godoro anahamia Mwihoko, kwa sababu huko nako kuna mwalimu amestaafu na anataka ploti yake ipande orofa nne kabla hajafa. Katika miaka kumi na mmoja amelala vyumba ishirini na kitu, vyote kati ya Githurai na Ruiru, na sijawahi kusikia landilodi hata mmoja akimlaumu.

Mimi ni Kavata, dada yake mkubwa. Niko na kibanda cha chakula hapa Mwihoko, na watu wa mjengo wananiita Mama Ndanu. Kama unatafuta mtu wa kukusimulia haya kwa upole, nenda kibanda kingine.

Mwau ana miaka arobaini. Ni mrefu, mkimya, na ana tabia ya kurudi jioni kuangalia ukuta alioujenga asubuhi, kama mtu aliyesahau kitu hapo. Pombe hanywi. Aliwahi kuoa. Mke alivumilia miaka mitatu kisha akaondoka, na sababu aliyonipa usoni ilikuwa Oktoba. "Mume wangu mimi ni wa miezi kumi," akasema. "Hiyo mingine ni ya mama yake." Nilimkasirikia sana wakati huo, lakini hakuwa amedanganya.

Mama yetu, ambaye tunamwita Mwaitu kwa Kikamba, anaishi peke yake Masinga, kwenye shamba lisilo na mtu mwingine wa kulilima. Kule tunapanda kavu. Mbegu inaingia ardhini kabla ya tone la kwanza, na ukichelewa wiki moja unavuna majani matupu. Kwa hivyo kila mwaka, ikifika wiki ya kwanza ya Oktoba, Mwau anaweka mwiko chini. Haagi mkubwa wa kazi, maana akiaga atabembelezwa, na yeye hajui kukataa. Simu anaizima na kuniachia mimi, kwa sababu akienda nayo, akipanda tu kilimani penye netiwaki, wenye majengo watamtafuta mpaka arudi kabla ya palizi. Mwisho wa Novemba anatokea kibandani kwangu, mwembamba, amechomwa na jua, anawasha simu na kutafuta kazi upya. Huwa anaipata siku hiyohiyo, maana wanaojenga wanamjua.

Agosti mwaka jana alikuwa kwenye jengo moja hapa Mwihoko. Asubuhi lori likaleta vyuma vya nguzo. Forman, mkubwa wa kazi, hakuwepo, lori lilikuwa limeziba barabara, na watu wa bodaboda walikuwa wanapiga honi na kutukana. Dereva, kijana anayeitwa Gachanja, alimnyoshea Mwau karatasi ya kupokea mzigo. "Fundi, niwekee sahihi hapo nitoke," akasema. Mwau akaweka. Hakuhesabu. Uliza fundi yeyote kutoka hapa mpaka Thika kama amewahi kusimamisha lori katikati ya barabara ahesabu vyuma ambavyo si vyake. Siku nne baadaye mwenye jengo alikuja akahesabu, na vyuma sitini havikuwepo. Karatasi ilisema vilifika, na sahihi ilikuwa ya ndugu yangu. Jioni hiyo polisi waliwachukua wote wawili, Mwau na Gachanja.

Sikulia. Niliona ni jambo la siku mbili: korti, bondi ya kumtoa kwa dhamana, arudi kazini, kesi ijikokote kama kesi zote. Jirani yangu Tabby alikuwa na mtoto aliyewahi kupelekwa korti hiyo kwa ugomvi wa baa, na yeye ndiye aliyeniambia habari za mashini. Zamani ukiomba bondi, hakimu alitaka kwanza ripoti ya afisa wa probesheni, yule wa kuchunguza mwenendo wa mtu, na ripoti ingeweza kuchukua wiki tatu, wewe uko ndani. Sasa walikuwa na mtambo wa majaribio. Afisa anajaza majibu kwenye tableti, mtambo unayalinganisha na maelfu ya kesi za zamani, kisha unatoa alama kutoka moja mpaka kumi. Moja ni mtu wa kurudi kortini. Kumi ni mtu wa kutoroka.

"Mtoto wangu ilimpea mbili," Tabby akasema. "Haiulizi wewe ni mtu wa nani, haitaki kitu kidogo. Mimi hiyo mashini naipenda."

Na sitasema uongo, watu wengi walitoka haraka kwa sababu yake, watu ambao zamani wangeozea rumande kwa kosa la kuku. Kwenye ukumbi wa korti ile watu waliacha kuulizana umepangiwa hakimu gani. Walikuwa wanaulizana, imekupea ngapi?

Afisa alikuja kibandani siku ya pili. Jina lake Gathoni, msichana mpole, viatu vimejaa vumbi la Mwihoko. Nilimwekea chai na chapati. Chapati akaikataa kwa sababu ya kazi yake, chai akanywa.

"Mama Ndanu," akasema, "nataka tu kujua Mwau ni mtu wa aina gani. Sema ukweli, hiyo ndiyo itamsaidia."

Nikavuta kiti nikakaa. Siku hiyo nilimsifu ndugu yangu kana kwamba namtafutia mke. Nilisema ni mchapakazi, popote panapojengwa yuko, leo Kiuu, kesho Kahawa Sukari, hachagui. Nilisema hana mke wala mtoto wa kumvuruga akili. Halafu nikafika kwa kile ambacho kwetu ndicho kipimo cha mwanamume. "Huyu hajawahi kukosa kumpandia mama yake," nikasema. "Oktoba ikifika, hata umpe kazi ya kujenga ikulu, anaiacha. Anazima simu, anaenda. Miaka kumi na mmoja! Mwajiri atafute, asitafute, Mwau yuko Masinga na jembe." Nililisema kwa kifua, watu wa meza ya pili wasikie. Gathoni alikuwa anaandika na kuitikia kwa kichwa, na mimi nikajiona nimeshinda kesi.

Kortini Gachanja ndiye aliyetangulia. Anaishi na wazazi wake Kahawa Sukari, nyumba moja tangu azaliwe, laini moja ya simu tangu amalize shule. Mashini ilimpa mbili. Akapata bondi, akaenda nyumbani na baba yake, na siwezi kusema alitoroka, maana hakukosa siku hata moja ya kesi. Ikafika zamu ya Mwau. Kiongozi wa mashtaka alisoma ripoti kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Mshtakiwa hana makao ya kudumu. Amehama zaidi ya mara ishirini. Hana mke wala mtoto. Kila mwaka huacha kazi bila kumwarifu mwajiri, huzima simu, na huenda mahali ambapo hapatikani kwa wiki saba. "Haya yamethibitishwa na dada yake wa kuzaliwa, Mheshimiwa." Alama, saba kwa kumi.

Maneno yalikuwa yangu, na hakuna hata moja lililoongezwa. Mwau aligeuka kizimbani akanitafuta kwa macho. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kama mimi niko sawa, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana mbele ya watu wote wale. Hakimu alisema mahakama haifungwi na alama ya mtambo, kwamba alama ni ya kumsaidia tu. Kisha akafanya kile ambacho mtambo ulisema. Bondi ikakataliwa, na Mwau akarudishwa rumande mpaka Septemba.

Nilienda ofisini kwa Gathoni nikiwa nimewaka. Watu walikuwa kwenye foleni, nikawapita.

"Nani alikwambia kumpandia mama ni kutoroka?"

"Mimi sikuandika kutoroka, Mama Ndanu. Niliandika ulichosema."

"Basi futa."

"Siwezi kufuta. Naweza tu kuongeza."

Akanionyesha ile tableti. Kulikuwa na visanduku: ana makao ya kudumu au hana, anapatikana kwa simu au hapatikani, ana wanaomtegemea au hana. Hakukuwa na kisanduku cha kusema mtu akienda anaenda kufanya nini. Mama hakuwekwa kwa wanaokutegemea, ni mke na watoto pekee. Akanieleza kwamba kati ya wale watu wa zamani ambao mtambo ulijifunza kwao, waliohamahama na kuzima simu wengi walitoroka kweli. Nikamuuliza, kati yao, waliokuwa na mama wa kupandiwa walikuwa wangapi. Akasema hajui. Akasema hata hakimu hajui, waliouza mtambo hawasemi unavyopima. Alisema hayo akiangalia meza.

"Tafuta kitu cha kuonyesha mahali anapoenda," akaniambia mwisho. "Kama barua ya chifu. Naweza kuiingiza."

Nilishika hiyo barua ya chifu moyoni kama dawa. Kwetu barua ya chifu inakuandikisha shule, inakupatia kitambulisho, inakuzika. Nikafunga kibanda siku mbili nikaenda Masinga. Mwaitu alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbegu za mbaazi. Sikumwambia mtoto wake yuko ndani. Nilimwambia ana kazi nyingi.

"Oktoba haijafika," akajibu, hata kichwa hakuinua.

Chifu aliandika vizuri, kwa mkono, akagonga muhuri mara mbili. Kwamba anamjua Mwau tangu utoto. Kwamba ni mtu mwema, mwenye heshima. Kwamba kila Oktoba na Novemba huwa huku kwa mama yake bila kukosa, na kama korti itamhitaji wakati huo basi imtume mtu, kwa kuwa sehemu hiyo haina netiwaki. Niliisoma njia nzima nikirudi, na nilikuwa na furaha.

Gathoni aliiingiza mbele yangu. Alama ilipotokea aligeuza tableti haraka, lakini nilikuwa nimeshaona. Nane. Mara ya kwanza lilikuwa neno langu tu. Sasa chifu wa serikali alikuwa amethibitisha kwamba mshtakiwa ana mahali pengine pa kwenda, mbali, pasipo na simu.

"Pole sana, mama," akasema.

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anaamini Mwau atatoroka. Akasema hapana. Nikamuuliza mbona haandiki hivyo. Akasema ameandika, mwisho kabisa, pale pa maoni ya afisa, lakini hakimu ana faili sitini kwa siku na anasoma ukurasa wa kwanza. Nilitoka bila kuaga.

Septemba kesi ilitajwa mara mbili na kuahirishwa mara mbili. Mara shahidi hakuja, mara faili haikuonekana. Nilikuwa naenda rumande kila Alhamisi. Mwanzoni Mwau aliniuliza jengo limefika orofa ya ngapi na nani anamalizia ukuta wa nyuma. Mwezi ulipoisha aliacha kuuliza majengo. Aliuliza kitu kimoja tu, huko kwa Mwaitu mawingu yakoje. Wiki ya kwanza ya Oktoba ikapita yeye yuko pale, na nilimuona akikunja na kukunjua mikono wakati wote tuliokuwa tukiongea. Nilimwambia atulie. Aliniambia mikono ndiyo haitaki.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lingine, na hili nalo ni la mdomo. Mwaitu alikuwa ameazima simu ya jirani, akapanda kilima penye netiwaki akanipigia. Alisema nimwambie Mwau asijali, ameona amekawia, ameanza kupanda mwenyewe, amefika mstari wa tano. Ana miaka sabini na tisa. Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Alhamisi nikaenda nikamwambia, neno kwa neno, nikidhani namtuliza.

Mwau akaniambia wanavyosema wenzake wa rumande. Kwamba ukikubali makosa na ni mara yako ya kwanza, hakimu hakufungi, anakupa kazi ya jamii, na unaweza kuombewa uifanye kwenu, kwa chifu wako.

"Asubuhi nafagia kwa chifu, mchana napanda," akasema. "Mvua bado. Naweza kuiwahi."

"Lakini hukuiba, Mwau."

"Najua sikuiba. Lakini kesi yenyewe ni ya Februari. Nikingoja kusema sikuiba, mama atakuwa amekufa shambani."

Kulikuwa na wakili wa kujitolea, Omondi, mmoja kwa rumande nzima. Alimwambia asikubali, angoje. Alimwambia hivyo kwa dakika tano, akaitwa kwingine. Mwau aliponiuliza mimi nasemaje, nilifikiria Mwaitu akiinama na kuinuka kwenye lile jua, nikamwambia akubali. Hakuna aliyenilazimisha.

Alikubali tarehe kumi na nne Oktoba. Alisimama wima akaulizwa kama mashtaka ni ya kweli, akasema ni ya kweli. Hakimu akamwangalia, na naapa alikuwa na huruma. Akasema kwa kuwa ni kosa la kwanza yuko tayari kufikiria kazi ya jamii, ila sheria inamtaka apate kwanza ripoti kama mtu huyu anafaa kupewa adhabu ya nje. Nikamtazama Gathoni kwenye benchi la maafisa. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Ilikuwa mashini ileile, na visanduku vilikuwa vilevile. Makao, simu, wanaomtegemea. Kitu kipya kilikuwa kimoja, kwamba sasa Mwau alikuwa mwizi, amekiri mwenyewe. Ikampa tisa. Wiki moja baadaye hakimu alisoma kwamba uwezekano wa mshtakiwa kukamilisha adhabu ya nje ni mdogo, na akamfunga miaka miwili. Mwau aliuliza tu askari leo ni tarehe ngapi.

Mvua ilinyesha Masinga baada ya siku sita. Mwaitu alikuwa amefika mstari wa kumi na mbili, akalala na hakuinuka tena kwa nguvu zake. Sasa yuko hapa kwangu, nyuma ya pazia, ananisikia nikigombana na wateja. Shamba limekuwa la mbuzi za watu. Nilimwambia ukweli kuhusu Mwau mwezi wa Desemba. Aliniuliza kama alikubali kwa sababu yake, nikasema hapana, na alijua kwamba nimedanganya. Tangu hapo hajaniuliza lingine.

Februari kesi ya Gachanja ikasikizwa. Baba yake alikuwa amemwekea wakili, na huyo wakili akaenda mpaka kwenye stoo vilikotoka vyuma, akaomba daftari la kupakia, akatembea uwanjani kwao. Vile vyuma sitini vilikuwa hapo. Havikuwahi kupandishwa kwenye lori. Vilikuwa vimerundikwa kwenye mzigo wa mteja mwingine, vimeota kutu, tangu Agosti. Hakimu, huyohuyo, akasema hakuna wizi uliotendeka, akamwachilia Gachanja. Ilichukua nusu saa.

Gachanja alikuja kibandani jioni hiyo, kofia mkononi, akaniuliza Mwau atatoka lini. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana yeye ana kosa gani? Nikampakulia githeri. Omondi nilimpigia usiku uleule. Alisema aliyekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya kosa lenyewe kama mtu mwingine, ila anaweza kuandikia Mahakama Kuu, na ataandika, lakini foleni ya huko inaweza kuwa ndefu kuliko kifungo. Alisema pia kwamba hata Mwau akitoka, kwenye mtambo atabaki mtu aliyewahi kufungwa.

Alhamisi nikaenda gerezani. Mwau alikuja na sare imemlegea mabegani, akakaa ng'ambo ya waya. Nilimweleza yote polepole, daftari, uwanja, kutu. Alinisikiliza akiangalia mikono yake.

"Kwa hivyo havikupotea," akasema.

"Havikupakiwa. Vilikuwa kwao wakati wote."

"Na mimi nilisimama pale nikasema niliviiba."

"Ndiyo."

Akafikiria. Niliona midomo yake ikitembea kidogo, kama anapopima jiwe kabla ya kuligonga.

"Sasa, Kavata, niliiba nini?"

Askari jela akasema muda umeisha. Mwau akasimama upesi, mikono nyuma kama walivyomfundisha, akaenda bila kungoja nimjibu.